Televisheni ya Kuangalia Koo

Nasikia huko hospitalini mmeunda kamati ya kuchagua mashine ya kuangalia koo, ile yenye kamera na kioo chake. Mmoja wenu amenipigia simu: "Mzee Wandera, si wewe uliiona ya kwanza kabisa? Tuandikie." Nimestaafu juzi tu, kiti changu cha barazani bado hakijashika umbo langu, na tayari nimetumwa. Lakini hii ni kazi ya kufanywa nikiwa nyumbani, kwa hivyo nimekubali. Mnanijua. Nimeishi mpakani maisha yangu yote, Uganda naiona kutoka dirishani, na safari yangu ndefu kabisa ya ng'ambo ilikuwa ya kununua sufuria. Nilirudi kabla chai haijapoa.

Kuhusu vyeo sitawachosha. Niliingia nikiwa msaidizi wa thieta, chumba cha upasuaji, nikatoka nikiwa msaidizi wa thieta. Kilichopanda ni paji la uso.

Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mwalimu wangu alisema zinatosha kusoma barua ya kukataliwa. Nilikwenda hospitalini kuomba kazi ya kufyeka nyasi, kwa sababu palikuwa karibu na kwetu. Wakaniambia nyasi zina mtu, thieta haina. Siku ya kwanza nikakabidhiwa kwa Mzee Etyang', mtaalamu wa dawa ya usingizi, mtu wa kabila la Teso, mrefu, mpole, aliyeongea kama mtu anayelipia kila neno. Aliniwekea mkononi chuma kilichopinda mbele na chenye mpini mnene.

"Unajua hii ni nini?"

"Mundu, mzee?" nikasema, maana akili yangu ilikuwa bado kwenye nyasi.

Hakucheka. Aliwaza kidogo, akasema, "Sawa. Mundu." Tangu siku hiyo thieta nzima ikakiita hivyo, na mpaka leo wengi wenu mnakiita mundu bila kujua kwamba mliokota jina hilo kwenye ujinga wangu.

Kazi ya mundu ni hii. Mgonjwa akilazwa usingizi wa dawa, koo hulegea na hewa yaweza kukosa njia. Mtaalamu hufungua mdomo, akainua ulimi kwa mundu, akauona mlango wa hewa, akapitisha mrija. Ni rahisi kama kutia uzi kwenye sindano, ila sindano yenyewe iko gizani na imejaa mate. Ndiyo maana mundu una taa nchani, balbu ndogo kama punje ya mtama, na ndani ya mpini mna betri mbili za ukubwa wa kati. Betri zikichoka, mtaalamu anabaki ameshika chuma tu.

Mzee Etyang' alinifundisha mambo machache, na yote aliyarudia. Mundu hushikwa kwa mkono wa kushoto, hata kama wewe huo mkono wa kushoto huutumii kwa lolote la heshima. Balbu ikazwe kwa vidole kila asubuhi. Chuma kioshwe, mpini upanguswe tu, usizamishwe majini. Mwanga mweupe, endelea. Mwanga wa manjano, badilisha. Na akinyoosha mkono bila kugeuza kichwa, mundu utue kiganjani ukiwa umeshawaka. Hilo la mwisho nililifanyia mazoezi nyumbani kwa mwiko. Mke wangu, Mama Nekesa, alidhani hospitali imenitia wazimu.

Sasa niwaambie juu ya Mama Sabina, maana bila yeye hii ni hadithi ya vyuma tu. Alikuwa akiuza omena Malaba, pale malori yanapopanga foleni, dagaa wadogo anaowafuata mwenyewe ziwani, bandari ya Sio Port. Shingoni alikuwa na rovu la ukubwa wa ngumi mbili, na lilikuwa limeanza kuibana njia ya hewa. Alipumua kwa mluzi. Usiku alilala ameketi, ameegemea ukuta.

"Nikilala chali tu," aliniambia, "naona kama kuna mtu amenikalia shingoni. Mimi sitaki urembo, mwanangu. Nataka kulala chini kama watu."

Daktari mpasuaji alikuwa akitujia kutoka Kisumu mara moja kwa mwezi. Mama Sabina alikuwa ameahirishwa mara mbili. Mzee Etyang' ndiye aliyekataa, na alikataa kwa sababu: mundu tulikuwa nao mmoja tu, mzee kama reli, balbu yake inalegea, na koo lililosukumwa upande na rovu halitafutwi kwa kubahatisha. "Nikimlaza halafu nisione njia," alisema, "huyo mama hataamka." Akaandika barua kuomba miundu minne mipya ya kawaida, na balbu za akiba. Barua ikaenda kwa Katibu wa hospitali. Katibu akaunda kamati.

Mtu akitaka sindano, kamati hujiuliza kwanza kama cherehani haifai zaidi. Wiki mbili baadaye akaja muuzaji kutoka Nairobi, kijana wa tai ya zambarau, na masanduku mawili. Moja lilikuwa na mundu wa ajabu wenye kamera na waya mrefu. La pili lilikuwa na televisheni.

Mimi niliingia kwenye mkutano huo kwa cheo changu, yaani kuleta chai. Muuzaji alitafuta koo la kuonyeshea, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea, akachukua birika la chai ya asubuhi, iliyokwisha kupoa, akaingiza kamera mdomoni mwa birika. Kwenye kioo tukaona majani ya chai yamelala chini, makubwa kama ya mgomba. Wajumbe wakapiga makofi. Sijawahi kuona birika likishangiliwa hivyo.

"Na picha ni ya rangi!" akasema Katibu.

"Rangi kamili, boss," akasema muuzaji.

Katibu akazunguka nyuma ya televisheni, akaitazama kama mtu anayenunua ng'ombe. "Sasa niulize swali la kiufundi. Hii inashika Uganda?"

Mnacheka, lakini miaka hiyo ya tisini huku kwetu hilo lilikuwa swali la busara. Aeria ya Busia iliyogeuzwa vizuri ilileta Kampala kabla ya Nairobi. Muuzaji alisema, kwa uangalifu, kwamba ikiwekewa aeria haitakataa. Mjumbe mmoja akauliza kama kuna yenye kioo kikubwa zaidi. Mwingine akasema amesikia hospitali ya ng'ambo, upande wa Uganda, tayari inayo. Hakuna aliyeuliza kasikia kwa nani. Wivu wa mpakani hauhitaji shahidi.

Mzee Etyang' aliinua mkono. "Mimi nina maswali matatu. Stima ikipotea?"

"Mnaweka jenereta, daktari."

"Ikiharibika?"

"Fundi wetu anatoka Nairobi. Wiki mbili, tatu, amefika."

"Na wiki hizo tatu nitatumia nini?"

Katibu akaingilia. "Daktari, wewe unaomba vile vya zamani vinne, na huyu anatuletea cha kisasa. Mgeni akiingia Kenya, hospitali ya kwanza anayoiona ni sisi. Tumwonyeshe tochi?" Kisha, kwa sababu alitaka kuonyesha kwamba hata wadogo wanasikilizwa, akanigeukia mimi na sinia langu. "Wandera, wewe ndiye unaviosha. Unasemaje?"

Hapo ndipo mwanamume angemtetea mwalimu wake. Mimi nilisema, "Televisheni ni nzuri, boss." Mzee Etyang' alikunywa chai yake, hakuniangalia. Nilikuwa nimekwisha kuona akilini mechi nzima ikichezwa thieta, mimi nimekaa kwenye stuli yetu ya miguu mitatu.

Wakakubaliana kwa kauli moja kuijaribu kwanza. Muuzaji angekuwapo mwenyewe siku ya mpasuaji, na mgonjwa wa kwanza angekuwa Mama Sabina.

Nilipokwenda kumwandaa alikuwa na maswali yake pia. "Nasikia mtaniwekea televisheni mdomoni?"

"Kamera tu, mama. Televisheni inakaa pembeni."

"Basi mtaona mpaka omena ya jana. Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Uangalie vizuri," akasema. "Nyumbani wamenipangia kitanda. Nimewaambia nikirudi nitalala kama gogo."

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nimeichelewesha kwa kurasa hizi, lakini karatasi inaisha.

Betri za mundu zilikuwa za ukubwa uleule wa redio yangu. Mimi ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani bila redio ni fanicha. Kwa hivyo kulikuwa na desturi, na sikuwa peke yangu, muulizeni yeyote aliyefanya kazi wodini siku hizo. Betri mpya za hospitali zilikwenda nyumbani kutembea, na betri za nyumbani zilizochoka zilianikwa juu ya bati mpaka zikapata joto, kisha zikaja kazini kuchukua nafasi. Betri iliyoanikwa juani ni kama mgonjwa anayeona daktari anapita: hujikaza. Ukiwasha mundu asubuhi, mwanga mweupe kabisa. Dhamiri inatulia, unaendelea na kazi. Haikai zaidi ya dakika mbili, lakini siku nyingi dakika mbili zilitosha, kwa sababu Mzee Etyang' alikuwa na mkono mwepesi.

Siku moja kabla ya mpasuaji kufika nilibadilisha zote, hata zile nne za akiba kwenye droo. Nilijiambia, mundu wa zamani kesho utakuwa na kazi gani? Tuna televisheni.

Asubuhi nikaukagua. Mweupe.

Mama Sabina alilazwa ameinuliwa mgongo kwa mito, maana chali hakuweza. Mzee Etyang' hakumpa dawa ya kulegeza misuli. Alimpa dawa ya kuvuta, polepole, mama akiendelea kupumua mwenyewe, na mluzi wake ukijaa chumba. Muuzaji alikuwa amevaa gauni la thieta juu ya tai yake. Katibu alikuwa dirishani, nje, amekunja mikono kama mwenye harusi.

Kamera ikaingia. Kwenye kioo tukaona koo, jekundu, kubwa, wazi. "Aaa!" tukasema sote. Kisha kioo kikawa cheupe.

"Ni nini?" akauliza mpasuaji.

"Ukungu kidogo," akasema muuzaji. "Itasafika."

Ikatolewa, ikapanguswa, ikarudi. Koo, tena kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ukungu, kama Sio Port alfajiri ya masika. Birika lilikuwa baridi, ndugu zangu. Mtu ni moto, na anapumua. Kulikuwa na dawa ya kupaka kioo cha kamera ili kisishike mvuke, muuzaji alituambia, na ilikuwa imebaki Nairobi.

Mara ya tatu Mzee Etyang' hakungoja. Aliweka kamera kando, akamrudishia mama barakoa ya hewa, akanyoosha mkono wa kushoto bila kugeuza kichwa. Mundu ukatua kiganjani umewaka. Kwa hilo nilijivuna, naam, kwa nusu dakika nzima. Aliingiza, akainua ulimi, akainama kutazama. Rovu lilikuwa limeusukuma mlango wa hewa upande, na alihitaji kuutafuta. Mkono mwepesi haukutosha siku hiyo. Nikaona mwanga kwenye meno ya mama ukigeuka manjano, halafu rangi ya kaa la moto linalokufa. Halafu hakuna.

Akautoa. Barakoa ikarudi. Mluzi ulikuwa umekuwa mwembamba sana.

"Wandera. Betri."

Nilifungua droo, nikaziangalia zile nne. Nilizijua moja moja, kama watoto wangu.

"Hizi pia zimekufa, mzee. Nzuri ziko nyumbani kwangu. Ndani ya redio."

Mpasuaji alikuwa ameshika kisu. "Nikikata shingo hapa mbele kumtafutia hewa, nakutana na rovu lenyewe," alisema. "Nitamzamisha kwa damu yake."

Mzee Etyang' aliniangalia mara moja tu. "Basi nenda nyumbani," akasema. "Mimi na mama tutakungoja."

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya thieta, hatua mia hivi. Miaka yote nilikuwa nikizisifu kwa ukaribu, siku hiyo nikaziona ziko Mombasa. Nilikimbia na gauni la kijani, kofia na gambuti. Mama Nekesa alikuwa uani na majirani wawili, wamezunguka redio. Sikusalimia. Niliinyakua, nikaipindua, nikang'oa kifuniko cha nyuma, nikachopoa betri mbili kati ya sita.

"Baba Nekesa! Kuna nini?"

"Nitakuambia!"

"Leo ndio wazimu umempanda kabisa," jirani mmoja akasema, na nilimsikia, na mpaka leo sijampa jibu.

Betri moja iliniponyoka, ikabingirika mpaka kwa kuku. Nikaiokota. Mlangoni mwa thieta nikaipangusa kwenye gauni, nikaingiza zote mbili kwenye mpini, na kwa haraka nikaweka moja kichwa chini. Nikaitoa. Nikaigeuza. Mweupe.

Vidole vya Mzee Etyang', vilivyokuwa vimeinua taya la mama muda wote huo, vilikuwa vimekosa damu. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kuiva rangi ya zambarau. Hata Katibu dirishani alikuwa amekunjua mikono. Mkono wa kushoto ukanyooshwa. Mundu ukatua. Aliinama, akatafuta kwa muda ambao sitaupima, kisha akasema neno moja.

"Naona."

Mrija ukapita. Kifua kikainuka, upande huu na upande huu. Aliweka masikioni kipimo cha kusikilizia kifua, akasikiliza pande zote mbili, polepole, kama mtu anayehakikisha milango kabla ya kulala. Midomo ikarudi rangi yake. Ndipo nikagundua nimekaa kwenye ile stuli ya miguu mitatu.

Rovu lilitolewa. Jioni alipoamka, Mzee Etyang' alimwambia, "Mama, sema kitu," maana karibu na rovu hupita mishipa ya sauti. Mama Sabina akasema, kwa sauti ya kukwaruza lakini yake mwenyewe, "Njaa."

Kamati ilikutana kesho yake. Katibu alikuwa tayari ameandika kwamba mashine ilitoa picha ya kuridhisha, jambo ambalo kwa muda wa kupepesa jicho lilikuwa kweli. Kisha akamuuliza Mzee Etyang' taarifa yake. Nilikuwa mlangoni na sinia. Nilijua kwamba sentensi moja tu ingenirudisha kwenye nyasi, kama zingekuwa hazina tena mtu.

"Mashine ya kamera si mbaya," alisema. "Siku moja itakuwa nzuri sana. Leo inataka stima, dawa ya ukungu, na fundi, na mimi sina hata kimoja. Naomba miundu minne ya kawaida. Mipini iwe ile ya kuchaji ukutani, yenye betri ambayo haiingii kwenye redio yoyote hapa Busia."

Katibu aliacha kuandika. "Redio? Redio inahusu nini?"

"Ni mambo ya kitaalamu," akasema Mzee Etyang'.

Na kwa kuwa kamati huogopa mambo ya kitaalamu kuliko kitu chochote, ikapita. Miundu minne ikanunuliwa, ya kuchaji. Lakini wazo la televisheni lilikuwa limekwisha kukubaliwa kwa kauli moja, na kauli moja haifutwi ovyo, basi ikanunuliwa pia televisheni ya kawaida, ikawekwa ofisini kwa Katibu. Ilishika Uganda vizuri sana.

Kwa hiyo ninyi mlio kwenye kamati mpya, mashine za siku hizi nimeziona kabla ya kuondoka, na ni nzuri. Koo gumu kama la Mama Sabina zinaliona bila jasho. Sizionei wivu. Ila msiijaribu kwenye birika. Mkabidhini yule atakayeinama juu ya mgonjwa aishike siku nzima, na yule atakayeiosha aioshe mbele yenu, mhesabu inachukua muda gani kuwa tayari tena. Ulizeni kipuri kinatoka wapi. Mundu wa kawaida ukae mezani kila siku, umewashwa na kuangaliwa kwa dakika tatu kamili, si kwa kupepesa jicho. Na mkiona betri ina joto la jua, mwulizeni aliyeileta anasikiliza kituo gani.

Baada ya kikao kile Mzee Etyang' alinipita kwenye korido, akasimama. "Kamati nimeshaiambia ya kwangu," akasema. "Mama utamwambia mwenyewe."

Mama Sabina alirudi baada ya wiki moja kutolewa nyuzi, amefunga kitambaa shingoni, amebeba omena kwenye gazeti kwa ajili ya thieta. Mluzi ulikuwa umekwisha. "Nalala chali," alisema kabla sijamsalimia. "Nalala ubavu. Mume wangu ndiye halali sasa, anasema amezoea kelele."

Nikafunga mlango, nikachukua mkasi wa nyuzi, nikamwambia yote. Bati, droo, dakika mbili, kuku. Nilizungumza nikiangalia kiatu changu. Nilipomaliza, alilegeza kitambaa chake cha shingoni, akakifunga upya.

"Hiyo redio," akasema, "mlikuwa mnasikiliza nini?"

"Mama, si muhimu."

"Nimekuuliza."

"Matangazo ya vifo."

Alishika shingo kwa mikono miwili ili nyuzi zisikatike, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Yaani ningekufa, nisomwe jina redioni, na kwako hakuna betri ya kunisikia!"

Nikacheka pia, nikidhani nimepona. Yeye akaacha kabla yangu. Akafuta macho, akasogeza kiti chake mbali kidogo na mkasi niliokuwa nimeushika.

"Omena ni yako, chukua," akasema. "Lakini hizi nyuzi, mwanangu, niitie mtu mwingine azitoe."